Baba Anatazama Filamu Zake za Kauboi Peke Yake Chumbani

SWALI

Assalaam aleikum Bibi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanakwerekwe, Unguja, pamoja na mume wangu na baba yangu mzazi, ambaye alihamia kwetu baada ya mama kufariki. Baba ana umri wa miaka 77 na alikuwa karani bandarini mpaka alipostaafu. Tangu utotoni anapenda filamu za kauboi, hasa zile za zamani zisizo na rangi, na hadi leo hachoki kuhadithia alivyokuwa akitoka skuli akaenda kupanga foleni Vuga, kwenye sinema ya Majestic, kisha akarudi nyumbani akimwigiza stelingi njia nzima.

Kwa kutaka kumliwaza, mume wangu alimtafutia filamu hizo, akazitia kwenye flashi, nasi tukaweka utaratibu wa kutazama moja kila Ijumaa usiku baada ya sala ya Isha, watu wote wa nyumba tukiwa sebuleni. Mwanzo ilikuwa furaha tupu. Baba alikuwa akiwafafanulia wajukuu nani ni nani, na mimi nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mambo yaliharibika siku tulipotazama Stagecoach. Pale Waapache, wenyeji wa asili wa Amerika, wanapolifukuza gari la farasi na kupigwa risasi mmoja baada ya mwingine, baba alipiga makofi, na binti yangu mkubwa, aliye Kidato cha Tatu na ambaye skuli walikuwa wakisoma Vita vya Maji Maji, akasema kwa sauti: "Babu, hawa wanaouliwa ndio wenye nchi. Sisi tunashangilia nini?" Mume wangu akamkemea vikali, binti akatoka analia, na baba hakusema neno. Tangu usiku ule haji tena sebuleni. Huzitazama filamu zake kitandani, kwenye simu, mpaka usiku wa manane, na nikimwita hunijibu kwamba ameshazeeka na hataki kuwasumbua vijana.

Nina mengine madogo. Mwanangu wa kiume mwenye miaka 10 husema kwamba picha "imeharibika" kwa kuwa haina rangi, na mume wangu anafikiria kutafuta nakala zilizotiwa rangi ili kumvuta. Vilevile, tangu tuliponunua televisheni kubwa, watu wote katika filamu hizo wanaonekana wanene kupita kiasi, nasi hatujui kama kasoro ni ya televisheni au ya filamu zenyewe. Je, nimlazimishe binti yangu aombe radhi? Na je, niachane na filamu hizi kabisa, au kuna namna ya kuzitazama ambayo haitamvunjia heshima baba wala kuwapotosha watoto?

Binti wa Mwanakwerekwe

JIBU

Wa aleikum salaam mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako.

Usiachane na filamu hizo. Katika barua yako yote naona jambo moja zito, nalo ni baba yako aliyejitenga, na sidhani kwamba alijitenga kwa sababu ya swali la mjukuu wake. Mzee aliyeishi miaka yote kwenye nyumba yake, akiwa na mke wake, sasa anaishi kwa mkwe. Usiku ule aliona starehe yake imemfanya mwenye nyumba apandishe sauti na mtoto wa nyumba alie, na mtu mwenye haya zake hulipima jambo kama hilo kwa uzito usioujua wewe uliye mwanawe. Kwa hiyo wewe ukimwita sebuleni hutafanikiwa, kwa sababu machoni pake wewe huna la kumsamehe. Anayepaswa kumwendea ni mume wako. Na aende mwenyewe, bila kumtuma mtoto, amwambie kwamba Ijumaa bila yeye sebule imepwaya, na kwamba anaomba yeye baba ndiye achague filamu ya wiki hii. Asianze kuyafufua yaliyopita wala asiitishe kikao cha suluhu, kwa maana kikao kitamrudisha mzee kwenye aibu ileile anayoikimbia.

Kuhusu binti yako, naomba utenganishe mambo mawili. Ikiwa alisema kwa ukali mbele ya babu yake, na aombe radhi kwa ukali huo, faraghani, kwa namna mnavyofanya nyumbani kwenu. Swali lenyewe lakini asiliombee radhi, kwa sababu ni swali la haki, na mtoto aliyesoma Maji Maji halafu akaketi kutazama Stagecoach bila ya kuuliza chochote ndiye angenitia wasiwasi. Filamu ile ya mwaka 1939, iliyoongozwa na John Ford, inawatumia Waapache kama hatari ya njiani tu. Hawapewi nafasi ya kueleza wanagombania nini, na jina la Geronimo hutajwa ili abiria waogope. Geronimo alikuwa mtu wa kweli, kiongozi wa wapiganaji wa Kiapache. Alijisalimisha kwa jeshi la Marekani mwaka 1886, akawekwa kifungoni pamoja na watu wake, na akafariki mwaka 1909 huko Fort Sill, Oklahoma, akiwa bado mateka wa vita, bila ya kuruhusiwa kurudi kuishi katika nchi yake. Hata wale waliovikwa nguo za Kiapache katika filamu hiyo wengi wao walikuwa Wanavajo, wenyeji wa Monument Valley, lile bonde la miamba mirefu mpakani mwa Arizona na Utah, ambao walilipwa ujira wa kupanda farasi.

Hata hivyo, nataka na wewe umwelewe baba yako anapopiga makofi. Rudini pamoja kwenye sehemu ileile ya mbio, mtazame kwa utulivu. Kuna mpiganaji wa Kiapache anayeruka kutoka kwenye farasi wake hadi kwenye farasi wanaokokota gari, anapigwa risasi, anaanguka katikati ya farasi hao, anaburuzwa akiwa ameshika nguzo ya gari, kisha anaachia, na farasi na gari zima vinapita juu yake. Hakuna ujanja wa kompyuta pale. Ni mtu mzima, Yakima Canutt, aliyekuwa bingwa wa kupanda farasi na wa michezo ya hatari, amelala chali juu ya ardhi ya kweli huku kwato zikimpita kushoto na kulia. Mtoto aliyeyaona hayo kwenye kioo kikubwa cha sinema, katika ukumbi uliojaa watu, alishangilia ushujaa alioushuhudia kwa macho yake, wala haikumaanisha kwamba alishangilia kunyang'anywa nchi kwa Waapache. Binti yako akilijua hilo, na babu yake akaijua habari ya Geronimo, watakuwa na mazungumzo, na huenda yakawa mazungumzo mazuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Ndiyo maana nashauri filamu ya kumjibu binti yako isichaguliwe ovyo. Muongozaji yuleyule, John Ford, miaka tisa baadaye alitengeneza Fort Apache, nayo pia haina rangi. Humo anatoka Henry Fonda kama luteni kanali mwenye kiburi na mwenye uchu wa sifa, aliyepelekwa kwenye ngome ya jangwani asikokupenda. Kapteni wake, anayeigizwa na John Wayne, anakwenda kwa kiongozi wa Waapache, Cochise, na kumpa ahadi ya heshima kwamba akirudi atazungumza na jeshi kwa amani. Cochise anarudi, anasimama mbele ya maofisa, na kupitia mkalimani anaeleza jinsi wakala wa serikali alivyowadhulumu watu wake, naye mkubwa wa jeshi anamtukana na kuivunja ile ahadi. Kinachofuata ni maangamizi ya wanajeshi, na binti yako ataona mwenyewe nani alikuwa na haki na nani aliwapeleka vijana wa watu kufa. Zaidi ya hapo, mwisho wa filamu unaonyesha jinsi magazeti yanavyompamba afisa yule akawa shujaa, na kapteni aliyeujua ukweli ananyamaza. Mimi naihesabu kuwa moja ya filamu zenye ujasiri mkubwa katika aina hii, na sijui kama kuna njia bora ya kumjibu msichana wa Kidato cha Tatu kuliko kumwonyesha kwamba swali lake liliulizwa pia na mtu aliyetengeneza filamu iliyomuudhi.

Baadaye, babu na mjukuu wakishazoeana tena, watazame The Man Who Shot Liberty Valance ya mwaka 1962. Wanahistoria hukadiria kwamba katika makauboi wa kweli waliochunga na kuswaga ng'ombe baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kiasi cha mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na wengine wengi walikuwa Wameksiko, lakini filamu za zamani ziliwafuta karibu wote. Katika filamu hii yumo Woody Strode, mwigizaji mweusi, kama Pompey, msaidizi wa mfugaji anayeigizwa na John Wayne. Kuna kipande cha darasani ambapo wakili kijana anawafundisha watu wazima na watoto kusoma, na Pompey anasimama kulisoma kwa moyo Azimio la Uhuru wa Marekani. Anafika hasa pale panaposema kwamba watu wote wameumbwa sawa, na hapo ndipo anaposahau. Mwalimu anamjibu kwamba wengi huisahau sehemu hiyo. Picha ya Abraham Lincoln imetundikwa ukutani nyuma yake, na hakuna anayetoa hotuba. Kipande kinapita na darasa linaendelea. Simamisheni hapo kidogo, mumwache babu aseme alivyoielewa.

Sasa nije kwenye rangi. Mwambie mume wako asitafute nakala zilizopakwa rangi. Katika miaka ya 1980 kampuni za Marekani zilianza kuzipaka rangi filamu za zamani kwa kompyuta ili ziuzike kwenye televisheni, na waongozaji na waigizaji wakalalamika hadi Bunge lao likapitisha sheria mwaka 1988 iliyoanzisha orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Filamu 25 za kwanza ziliingizwa katika orodha hiyo mwaka 1989, na High Noon, filamu ya kauboi isiyo na rangi, ilikuwa mojawapo. Malalamiko yale yalikuwa na msingi. Mpigapicha wa filamu isiyo na rangi hufanya kazi kwa mwanga na kivuli tangu mwanzo, na kila nguo, ukuta na uso huwa vimepimwa kwa weusi na weupe vitakavyoleta. Katika High Noon, mpigapicha Floyd Crosby aliacha kutumia vichujio vya kulikoleza anga, ambavyo wenzake walivipenda kwa kuwa viliyafanya mawingu yapendeze. Ndiyo maana mbingu ya mji ule ni nyeupe, tupu, yenye joto, na sherifu aliyevaa nguo nyeusi anaonekana mpweke kila anapovuka barabara. Ukiipaka buluu ile mbingu, umeondoa kitu ambacho mpigapicha alikitafuta kwa makusudi.

Na kwa mwanao wa miaka 10, High Noon ndiyo filamu ya kuanzia. Ina dakika 85 tu, na inaeleweka hata kwa mtoto asiyefuata Kiingereza vizuri: jambazi aliyefungwa ameachiwa, atashuka kwenye treni ya saa sita mchana, wenzake watatu wanamsubiri stesheni, na sherifu, aliyefunga ndoa asubuhi hiyohiyo, anazunguka mjini akiomba watu wamsaidie na kila mlango unafungwa. Saa za ukutani zinaonyeshwa mara kwa mara, na muda wa hadithi unakaribiana na muda mnaoutumia kuitazama. Mpe mtoto kazi ya kuitangaza saa kila inapoonekana, na ninaamini kwamba kabla ya treni kupiga honi atakuwa ameshasahau habari ya rangi. Gary Cooper, aliyeigiza sherifu huyo na kupata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, alikuwa amefikia umri wa miaka 50, na uso wake umechoka kweli. Huyu si stelingi asiyeogopa, na baba yako, ambaye amezika mke na kustaafu kazi, atakiona katika uso ule kitu ambacho hakuweza kukiona alipokuwa kijana.

Kuhusu watu kuonekana wanene, filamu hazina kosa lolote. Filamu karibu zote za Hollywood zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1953 zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, yaani upana wa nne kwa urefu wa tatu, ilhali televisheni za sasa zina upana wa 16 kwa urefu wa 9. Televisheni yenu imewekwa iinyooshe picha ijaze kioo kizima, na hivyo kila uso na kila farasi ameongezewa upana kwa theluthi moja. Chukueni rimoti, mwende kwenye menyu ya picha, mtafute sehemu ya ukubwa au umbo la picha, na mlijaribu chaguo moja baada ya jingine huku mkiitazama sehemu yenye gari la farasi. Gurudumu likiwa kama yai, umbo si sahihi. Likiwa duara kamili, mmefika. Napendelea jaribio hili kuliko kukutajia chaguo moja, kwa sababu baadhi ya nakala za kwenye flashi zimekwishawekewa pembeni nafasi nyeusi, na chaguo linaloifaa nakala moja huibana nyingine. Mkishapata, mtaona mistari miwili mipana myeusi kulia na kushoto. Iacheni ilivyo. Muwe macho pia na nakala zilizokatwa juu na chini ili kujaza kioo, ambazo utazitambua kwa kofia zilizokatika na vidole vya miguu visivyoonekana. Hizo hazirekebishiki, tafuteni nyingine. Liberty Valance kwa kuwa ni ya mwaka 1962 ni pana kwa asili, hivyo itakijaza kioo karibu chote, msije mkadhani mmekosea.

Mkiwa bado kwenye menyu hiyo, zimeni kile kifaa kinacholainisha mwendo wa picha, ambacho kila kampuni hukiita kwa jina lake. Filamu hizi zilipigwa picha 24 kwa kila sekunde, na televisheni inapojitungia picha za kujaza katikati, mbio za farasi zinageuka kuwa nyororo kama matangazo ya biashara. Chagueni hali ya sinema badala ya ile inayong'arisha kupita kiasi, kisha mpunguze taa za sebuleni, kwa sababu vivuli vya filamu hizi huzama kabisa taa ya dari inapopiga kwenye kioo.

Lugha isiwe kizuizi. Nyumba yenu inaye mkalimani. Baba yako ameziona filamu hizi mara nyingi, anajua nani atamsaliti nani, na mazungumzo ya makauboi kwa kawaida ni machache. Mwombeni awatafsirie watoto kwa Kiswahili chake mwenyewe, na rimoti awe nayo yeye ili asimamishe anapotaka kueleza. Nakala nazo msiokoteze popote, kwa maana nyingi zinazopita mitaani zimefifia na sauti yake inakwaruza. Afadhali kununua diski halali au kulipia huduma halali na kuitazama filamu moja safi, kuliko kujaza flashi kwa filamu ishirini zisizotazamika. Zipo pia zilizokwisha muda wa hakimiliki. Ile ya mwaka 1903, The Great Train Robbery, yenye urefu wa dakika kama 12, inapatikana bure katika tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, haili bando kubwa, haina sauti ya kutafsiriwa, na kuna kipande ambacho jambazi anaelekeza bastola kwa watazamaji na kufyatua. Mwanao ataipenda.

Mwisho nikutahadharishe juu ya filamu moja ambayo baba yako anaweza kuitaja, nayo ni The Ox-Bow Incident ya mwaka 1943. Ni filamu ya kundi la watu wenye hasira wanaowakamata wanaume watatu njiani na kuwanyonga kwa wizi na mauaji bila ya ushahidi wa kutosha, na sisi tunaosikia kila mara habari za wananchi wenye hasira kali tutaielewa vizuri zaidi kuliko tungependa. Karibu na mwisho, Henry Fonda anawasomea wenzake barua ya mmoja wa walionyongwa, na ukingo wa kofia ya mtu aliye mbele yake umeyafunika macho yake, tunaona mdomo tu ukisoma. Binti yako na aitazame pamoja na babu yake, wawili hao, usiku ambao wadogo wamekwishalala. Yule wa miaka 10 asubiri kwanza.

Kwa Ijumaa hii basi, mume wako aende kwa baba kabla ya Magharibi, televisheni iwe imeshawekwa umbo lake, na filamu iwe High Noon, isipokuwa mzee mwenyewe akichagua nyingine. Akikataa mara ya kwanza msimshike mkono, rudieni wiki inayofuata. Wakati huohuo mnunulieni kishikizo cha kuisimamishia simu mezani, aache kuishika kitandani usiku kucha, na mumpeleke akapimwe macho.